Orodha ya Wazee Thelathini na Mmoja

"Baba, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Umekula au hujakula?"

Mama yake Peiru alikuwa amesimama katikati ya jiko la ukumbi wa kijiji, mkono mmoja kiunoni, mkono wa pili umeshika mfuko wa kijani. Mfuko ulikuwa mtupu. Babu alikuwa ameketi juu ya kigoda cha plastiki, akizitazama ndara zake kana kwamba ni mara ya kwanza kuziona.

"Nilionja," alisema Babu.

"Ulionja mfuko mzima?"

"Nilionja mpaka ukaisha."

"Baba! Hiki si chakula cha watu. Kilikuwa cha kompyuta!"

"Kompyuta haina meno," Babu alijitetea. "Isitoshe, tarehe yake ilikuwa inaisha wiki ijayo. Mfuko uliopita tarehe ni mkosi mkubwa kuliko mfuko ulioliwa. Mimi nimewasaidia."

"Umetusaidia! Tazama mwenyewe ulivyotusaidia!"

Mama alinyoosha kidole kwenye kona ya jiko, ambako kompyuta ya ukumbi ilikaa juu ya meza ndogo, kando ya gunia la mchele. Kioo chake kilikuwa kinang'aa vizuri, na kilikuwa na picha ya mlima wa rangi ya samawati ambao hakuna mtu kijijini aliyewahi kuuona. Lakini orodha ya wazee haikuwemo.

Kule Puli, mji wa eneo hilo, mashine yoyote yenye kazi ya maana huwekewa mfuko wa kijani wa vitafunio vya mahindi ili itulie na kutii. Posta upo. Hospitalini upo, juu ya mitambo ya kupimia moyo. Lazima uwe wa kijani, wa njano au mwekundu ni balaa. Usipite tarehe. Na usiliwe. Watu wazima wenye diploma zao hufuata sheria hizo, nusu kwa utani na nusu kwa woga.

Peiru, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama karibu na sinki. Kisha akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Ndiyo maana, Mama! Babu amekula mfuko, kompyuta ikagoma. Ndiyo maana orodha imepotea."

Aliyasema haraka, na yalipotoka yalisikika kama kweli. Babu aliinua uso. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Ni mimi?" aliuliza polepole. "Mimi ndiye niliyepoteza orodha ya Mama Chiang?"

Peiru aligeuka akaanza kuosha bakuli lililokuwa safi.

Mama Chiang ndiye aliyeanzisha jiko la ukumbi. Kila siku ya kazi, jiko lilipika chakula cha mchana cha wazee thelathini na mmoja. Kumi na wanane walikuja kula ukumbini, na kumi na watatu walipelekewa nyumbani. Kwa miaka sita Mama Chiang aliandika katika kompyuta kila alichojua juu yao: nani ana kisukari, nani hana meno, nani figo zake hazitaki chumvi, nani akila karanga koo linavimba. Asubuhi ilikuwa kubonyeza tu, na printa ilitoa karatasi za kubandika juu ya kila sanduku la chakula. Mama Chiang alifariki mwezi wa pili, na mama yake Peiru akachukua jiko. Yeye alikuwa mpishi hodari, lakini wazee wote hakuwa amewashika kichwani. Alitegemea karatasi.

Na karatasi za Ijumaa zilikuwa zimekwenda na gari la taka.

Kilichotokea hasa kilitokea Jumamosi mchana, na Peiru alikijua chote.

Kompyuta ile ilikuwa na miaka tisa. Ukiiwasha, ungeweza kuosha mchele, kumenya figili tatu na kukata tofu ya soya kabla haijaamka. Mwaka huo ilianza kutoa tangazo kwamba mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoiendesha, hautapewa ulinzi tena. Mama alilifunga tangazo hilo kila siku kama anayefukuza nzi. Peiru akasema yeye ataweka mfumo mwingine, Linux, ule ambao watu wa nchi nyingi huutengeneza kwa pamoja na kuugawa bure. Shuleni, Mwalimu Kang wa klabu ya kompyuta alikuwa ameziokoa mashine kumi na nne kuukuu kwa njia hiyo.

Mwalimu alimpa flashi yenye mfumo huo na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Kwanza, washa kompyuta kwa flashi na ujaribu mfumo bila kugusa kitu chochote kilichomo ndani. Pili, toa nakala ya mafaili yote. Tatu, ndipo uweke. Hatua ya pili alikuwa ameizungushia wino mwekundu.

Hatua ya kwanza ilimpendeza Peiru kupita kiasi. Kompyuta iliamka upesi kama si ile. Alifungua madirisha, akayafunga, akabadilisha rangi, akachora samaki. Ilipofika hatua ya pili aliona uvivu. Flashi ya kuwekea nakala ilikuwa nyumbani, na jua la mwezi wa saba lilikuwa linachoma. Aliutazama mfuko wa kijani juu ya kompyuta. Ulikuwepo, wa kijani, haujapita tarehe. Akajiambia kwamba mfuko unatosha.

Kisha kioo kikamuuliza: futa diski yote na uweke mfumo mpya? Akabonyeza ndiyo.

Mfuko ulikuwa mzima wakati huo. Babu aliula jioni, wakati kila kitu kilikuwa kimekwisha kufutika.

"Katika orodha, unawakumbuka nani na nani?" Peiru alimuuliza Mama, sauti ikiwa ndogo.

"Labda watu ishirini. Na katika hao ishirini sina uhakika na watano." Mama aliutupa mfuko mtupu kwenye pipa. "Leo Jumapili, zahanati imefungwa. Hata ikifunguliwa, daktari hawezi kunisomea habari za wagonjwa kama anasoma gazeti. Kesho saa tano wazee wanakula. Sijui nitampa nani nini." Alivuta pumzi. "Nenda dukani kaniletee vitunguu saumu. Nataka kufikiri."

Dukani Peiru alimkuta rafiki yake Yachin, ambaye mama yake ndiye mwenye duka. Yachin alikuwa anapanga chupa za mchuzi wa soya, na habari zilikuwa zimemfikia.

"Eti babu yako amekula kompyuta?" Yachin alicheka mpaka akashika rafu. "Mzee Lo alipita hapa, anasema kuanzia leo atamwita Bwana Mla-Mashine."

"Hajala kompyuta. Amekula mfuko."

"Na wewe si ndiye uliyekuwa unaigusa kompyuta jana? Nilikuona dirishani, unacheka peke yako kama umeokota embe."

"Niliigusa kidogo."

Yachin aliacha kucheka. Walikuwa wamesoma darasa moja miaka sita. "Peiru. Kidogo kiasi gani?"

"Nipe vitunguu saumu, nina haraka."

Alirudi kwa njia ya nyuma, kando ya mashamba yaliyojaa maji, ili asikutane na mtu. Lakini njia ya nyuma hupita mbele ya nyumba ya Bibi Tu, na hapo mlangoni alimwona Babu.

Babu alikuwa amevaa shati lake jeupe la harusi na misiba. Ameshika mapapai mawili kwa mikono yote miwili, na alikuwa ameinama. Kwa miaka sabini na sita aliyokuwa nayo Babu, mgongo wake haukupenda kuinama, lakini aliinama mpaka chini, akakaa hivyo.

"Nisamehe, dada," Babu alikuwa anasema. "Nimefanya upuuzi wa kitoto. Kesho wakikuletea chakula, usile kabla hujakichungulia vizuri."

"Nitachungulia nini, kaka, na macho yangu haya?" Bibi Tu alisema. Mkono wake ulikuwa shingoni. "Karanga wakizisaga huoni kitu. Ile mara ya mwisho nilimeza kijiko kimoja tu. Nilizinduka ndani ya gari la wagonjwa. Chiang alikuwa akinikumbuka kila siku. Sasa nani atanikumbuka?"

"Nisamehe," Babu alirudia.

"Inuka, kaka, mgongo utakushika."

"Bado nyumba ishirini na tisa," alisema Babu. "Nimepita kwa Lo, amenicheka. Afadhali aliyecheka."

Peiru alijibanza nyuma ya ukuta wa mfereji wa kumwagilia. Aliwaza: nikinyamaza mpaka jioni, watasahau. Kisha akaiona tena ile shingo ya Bibi Tu na ule mkono juu yake. Kesho saa tano haitasahau. Kesho saa tano ilikuwa inakuja, na haikujali nani kasema nini.

Akakimbia. Alifika jikoni akihema, akaweka vitunguu mezani.

"Mama, si Babu."

Mama alikuwa anaandika majina nyuma ya kalenda. Hakuinua kichwa. "Si Babu nini?"

"Orodha niliifuta mimi. Jana mchana. Mwalimu aliniambia nitoe nakala kwanza, sikutoa. Nilibonyeza kufuta diski yote. Mfuko ulikuwa mzima, Babu alikuwa hajaugusa. Nilisema ni yeye kwa sababu niliogopa."

Kalamu ilisimama. Machozi yakaanza kumtoka Peiru.

"Mwalimu Kang anajua?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Mpigie. Sasa hivi. Mbele yangu."

Mwalimu Kang alipokea simu huku kuku wakilia nyuma yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baada ya kuweka mfumo mpya, ulifanya nini tena kwenye kompyuta?" aliuliza.

"Nilipakua picha za milima. Na michezo. Michezo sita."

"Lini?"

"Jana jioni. Na leo asubuhi."

"Peiru, faili lililofutwa halitoweki hapo hapo. Ungenipigia jana mara tu ulipogundua, bila kugusa kitu, pengine tungeokoa sehemu. Sasa umeandika vitu vipya juu yake. Sitakudanganya, usitegemee."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mfumo wenyewe unafanya kazi?"

"Unafanya."

"Basi una mahali pa kuandikia. Kinachokosekana ni cha kuandika. Ukikwama nipigie, lakini jaribu mwenyewe kwanza."

Peiru alikata simu. Alikuwa bado analia.

"Machozi hayo hayaandiki orodha," Mama alisema. "Nawa uso. Chukua daftari. Wazee thelathini na mmoja, vichochoro vinne, na sasa ni saa nne. Kabla ya nyumba ya kwanza, mtafute Babu yako."

Walimpata Babu kwenye nyumba ya nne, amebakiwa na papai moja. Peiru alimwambia yote pale pale barabarani. Babu alimsikiliza, akalihamisha papai kutoka mkono huu kwenda ule.

"Kwa hiyo mimi nilikula tu," alisema.

"Ulikula tu, Babu. Nisamehe."

"Nimeinama mara tatu leo," alisema Babu. Hakusema kama amesamehe. Alimpa Peiru papai, akageuka, akaelekea nyumbani polepole, mkono mgongoni.

Peiru alibaki na papai. Mama akalichukua, akalitia kikapuni. "Twende. Kazi kwanza."

Mama alichukua vichochoro viwili vya juu. Peiru alichukua viwili vya chini, na kwenye kona ya duka Yachin akamfuata na baiskeli bila kualikwa.

"Yaani uliwafuta wazee wote?" Yachin aliuliza.

"Wote."

"Kwa kidole kimoja?"

"Yachin, unanisaidia au unahesabu vidole?"

"Naweza vyote viwili."

Nyumba za mwanzo zilikwenda vizuri. Bibi mmoja alisema hatafuni kitu kigumu, akafungua mdomo wakahakikisha wenyewe. Mzee mmoja alisema dawa yake ya moyo haipatani na balungi. Kila mahali Peiru alisema kwanza: "Orodha niliifuta mimi, wala si Babu yangu. Naomba unisaidie kuiandika upya." Mara ya kwanza aliyasema akitazama chini. Mara ya sita yalikuwa bado magumu, lakini yalitoka.

Kwa Mzee Lo mambo yakageuka. Mzee Lo alikuwa ameketi mbele ya feni na fulana yake, akinywa chai.

"Mimi? Andika: hana ugonjwa wowote. Apewe chakula kitamu. Kila siku kitu cha sukari."

Yachin alianza kuandika. Peiru akamshika mkono. Alikumbuka, kama ndoto, kuona karatasi nyekundu ya tahadhari juu ya sanduku la Mzee Lo. Au lilikuwa la mtu mwingine?

"Babu Lo, una uhakika?"

"Msichana, umefuta orodha, halafu unanihoji mimi?"

"Naomba nione mfuko wako wa dawa."

"Wa nini? Chiang hakuniomba mfuko wa dawa."

"Mama Chiang alikujua miaka sita. Mimi nina mpaka kesho saa tano."

Mzee Lo alitazama pembeni. Peiru aliyajua macho yale. Asubuhi ile na yeye alikuwa ameyatazama maji ya sinki vile vile.

"Babu Lo," alisema, "mimi asubuhi nilisema uongo kwa sababu niliogopa kugombezwa. Wewe unaogopa nini?"

"Naogopa tofu isiyo na ladha mpaka nife," Mzee Lo alifoka. Kisha akaanza kucheka, akakohoa, akaenda ndani. Alirudi na mifuko mitatu ya karatasi ya dawa, ambayo hospitali huchapa juu yake jina la mgonjwa, jina la dawa na inachotibu. Wa kwanza uliandikwa kisukari. Wa pili, shinikizo la damu.

"Chiang alikuwa ananiwekea viazi vitamu kidogo siku ya Ijumaa," alisema kwa unyonge. "Hilo nalo ni kweli. Andika."

"Nitamuuliza Mama kama inaruhusiwa, kisha nitaandika."

Kuanzia nyumba hiyo Peiru hakuandika jambo lolote kwa maneno matupu. Aliomba mfuko wa dawa, au alimpigia simu mtoto wa mzee huyo. Mzee mmoja aliyesahau kila kitu walimkuta na binti yake mlangoni, akawasomea mifuko saba. Kazi ikawa ndefu mara mbili. Jua likapanda, miguu ikawauma, Yachin akaacha utani akawa anasoma majina ya dawa kwa sauti, herufi kwa herufi. Kwa Bibi Tu, Peiru aliandika "karanga" kwa herufi kubwa na kupigia mstari mara tatu.

"Si babu yako, basi?" Bibi Tu aliuliza.

"Si yeye, Bibi. Ni mimi."

"Maskini, nilimwacha ameinama muda mrefu." Bibi Tu alitikisa kichwa. "Na wewe umekuja mwenyewe. Haya, nisomee ulichoandika."

Saa tisa alasiri daftari lilikuwa na majina thelathini na moja.

Kumbe kuyapata kulikuwa nusu tu ya kazi. Peiru alipoketi mbele ya kompyuta na kuanza kuandika jina la Bibi Tu, kioo kilitoa herufi za Kilatini, zile za kwenye vitabu vya Kiingereza, badala ya maandishi ya lugha yao. Alibonyeza tena. Zikatoka zile zile.

"Inaandika nini hiyo?" Mama aliuliza, akiwa na kisu cha tofu mkononi. "Mbona haijui lugha yetu? Nirudishie ile ya zamani!"

"Mama, ngoja."

"Ile ilikuwa kobe, lakini ilikuwa kobe wetu."

"Mama! Ngoja kidogo."

Jana alikuwa amechezea rangi na samaki, hakuwa ameandika hata neno moja. Sasa alifungua mahali pa mipangilio, akasoma mstari baada ya mstari. Alipata sehemu ya lugha. Humo akapata sehemu ya kibodi, na humo orodha ndefu ya lugha za dunia nzima, za watu ambao hakujua kama wapo. Aliteremka, akaipata yao, akachagua njia ile ile ya kubonyeza alama za matamshi ili neno litokee, ambayo Mama alizoea. Akajaribu. Herufi za Kilatini tena.

Alikuwa karibu kumpigia Mwalimu. Mkono ulikuwa juu ya simu. Kisha akasoma tena maandishi madogo chini ya dirisha: toka, kisha uingie upya. Akatoka. Akaingia. Akaandika.

Jina la Bibi Tu likatokea, zima, sahihi.

Yachin alipiga kelele hata paka wa jikoni akakimbia. Mama alisogea, akainama karibu na kioo.

"Hm," alisema. "Endelea."

Waliandika mpaka saa kumi na moja, Yachin akisoma, Peiru akiandika, Mama akisimama nyuma yao na kuuliza kila jina: umeuona mfuko wa dawa? Nani amekwambia? Majina mawili yalikosa jibu, Mama akapiga simu papo hapo. Printa, ambayo Peiru aliiogopa kuliko yote, ilitambuliwa yenyewe. Karatasi mbili ziliharibika kwa sababu maandishi yalikaa nje ya mistari. Ya tatu ikatoka sawa.

"Sasa toka kitini," Mama alisema. "Nionyeshe mimi. Kesho wewe unaweza kuugua mafua, na wazee watataka kula."

Peiru alimwonyesha. Mama alikuwa mwanafunzi mkali kuliko mwalimu. Kila kitu alitaka kijulikane kiko wapi na kwa nini kisikae mahali pengine. Aliizima kompyuta na kuiwasha mwenyewe, na kabla mchele aliokuwa anauosha haujatakata, kioo kikawa tayari.

"Hiyo haraka yake naipenda," alikiri. "Sasa, nakala."

Flashi ya nakala sasa ilikuwa mfukoni mwa Peiru. Alitoa nakala moja humo. Nyingine wakaichapa, Mama akaibandika ukutani juu ya jiko, mahali ambapo hata umeme ukikatika utaisoma.

Jumatatu saa nne na nusu masanduku thelathini na moja yalipangwa mezani: wali, matembele kwa vitunguu saumu, tofu, na samaki. Kila sanduku lilikuwa na karatasi yake. Mama aliyapitia yote kwa kidole, daftari likiwa wazi mbele yake. La Bibi Tu alilifungua akalinusa, ndipo akalifunga.

Wazee walianza kuingia ukumbini. Bibi Tu, ambaye kwa kawaida alipelekewa nyumbani, alikuja kwa miguu yake kuhakikisha. Mzee Lo akaketi mahali pake. Kiti cha Babu kilikuwa kitupu.

"Bwana Mla-Mashine hajaja?" mzee mmoja wa kichochoro cha juu aliuliza kwa sauti, na meza nzima ikaangua kicheko. Si wote waliokuwa wamesikia ukweli. Kichekesho kilikuwa kimekimbia vichochoroni haraka kuliko miguu ya Peiru.

Peiru alisimama na sanduku mkononi. Mama alimvuta kando ya mlango wa jiko.

"Nisikilize, kwa sababu nitalisema mara moja," Mama alisema. "Kufuta orodha ni kosa. Afanyaye kazi hukosea, mimi mwenyewe nimewahi kuunguza wali wa ukumbi mzima. Kosa lile ningelisamehe Jumamosi ile ile. Lakini uliponyamaza, ulichukua muda ambao Mwalimu angeutumia kuokoa orodha. Ulimweka Bibi Tu karibu na kijiko kingine cha karanga. Na ulimvika babu yako aibu yako. Kosa ukilisema mapema, linabaki lako na linatengenezeka. Ukilificha, wanaoumia ni wengine. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Jana ulifanya kazi vizuri. Hilo nalo nalisema mara moja." Mama alijifuta mikono kwenye aproni. "Sasa wale wanaocheka hawajui. Niwaambie mimi, au?"

"Nitawaambia mimi," alisema Peiru.

Aliweka sanduku chini. Kwenye jukwaa dogo la mbele kulikuwa na mashine ya kuimbia ambayo wazee waliitumia kila Jumatano, na kipaza sauti chake kimelala juu. Peiru alipanda, akakiwasha. Kikalia kwa ukali, na ukumbi mzima ukageuka.

"Naitwa Peiru, mjukuu wa Mzee Kuo," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka, lakini hakuipunguza. "Babu yangu alikula mfuko. Ni kweli. Lakini hakupoteza orodha. Orodha niliifuta mimi siku ya Jumamosi kwa sababu sikufuata maelekezo, kisha nikamsingizia. Amepita nyumbani kwa baadhi yenu kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Naomba mnisamehe mimi. Na naomba asiitwe tena jina lile."

Yule mzee wa kichochoro cha juu alishusha vijiti vyake vya kulia.

"Kisukari changu ameniandikia vizuri," Mzee Lo alinung'unika. "Vizuri mno."

"Na huyo babu yako yuko wapi saa hizi?" Bibi Tu aliuliza. "Ana njaa, jana aliinama mno, na samaki anapoa. Nani anakwenda kumwita?"

Peiru alizima kipaza sauti, akakirudisha mahali pake, akashuka. Alipita katikati ya meza bila kukimbia. Alipofika nje ya mlango, akakimbia.